Matone Mawili, Rangi ya Tatu: Metali Zinapokutana Majini

Nimeona! Nimeona kwa macho yangu haya, na tangu hapo kila ninayekutana naye lazima anisikilize. Kwenye bika moja kulikuwa na maji yasiyo na rangi yoyote, ukiyatazama kwa mbali unadhani bika ni tupu. Kwenye bika ya pili kulikuwa na maji mekundu kama juisi ya rozela. Mama mtaalamu wa kemia aliyekuwa akituonyesha alivaa glovu, akashika pipeti, akavuta kidogo kutoka kwenye ile nyekundu. Kisha akanigeukia. “Mdogo wangu, hapa usipepese macho.”

Tone likadondoka. Nilitegemea waridi hafifu, kama inavyokuwa ukizimua kitu chekundu. Ikatoka kijani! Wingu la kijani kibichi likatanda pale pale tone lilipogusa maji, likaanza kushuka taratibu kuelekea chini. Nyekundu imeingia kwenye isiyo na rangi, halafu kijani? Rangi hiyo imetoka wapi? Hakuna aliyeitia. Haikuwamo kwenye bika ya kwanza wala ya pili.

Alichukua ute kidogo wa kile kijani akauweka chini ya hadubini, nikainama kuangalia. Sindano! Sindano nyembamba za kijani, mamia kwa mamia, zimelala huku na huku, nyingine zimekatizana, zote zimenyooka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba rangi ile haikuwa ajali. Kulikuwa na kitu mle majini kilichojipanga kwenye mstari.

Kitu chenyewe kina umri wa karibu miaka 200. Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alikitengeneza mwaka 1828, na hadi leo kinaitwa chumvi ya kijani ya Magnus. Kwenye maji mekundu mna ioni changamano yenye atomu moja ya platini katikati na klorini nne pembeni, ina chaji hasi mbili. Kwenye maji yasiyo na rangi mna platini iliyozungukwa na amonia nne, ina chaji chanya mbili. Kila moja ni bapa, imelala tambarare. Zikikutana, chanya inakaa juu ya hasi, hasi juu ya chanya, safu inapanda, na platini zote zinajikuta kwenye nguzo moja iliyonyooka. Umbali kati ya platini na platini ni angstromu 3.25, na angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Wanasayansi walisubiri mpaka mwaka 1957 ndipo muundo wa fuwele hizo ukachapishwa. Fikiria: watu walikuwa wakishangaa kijani hicho kwa zaidi ya miaka 120 bila kujua kimekaaje!

Lakini kilichonimaliza kabisa ni jaribio la pili. Badala ya amonia tupu, unaweka amini yenye mkia mdogo, ethilamini. Chaji ni zile zile, platini ni ile ile, klorini ni zile zile. Unachanganya. Inabaki ya waridi! Mikia ile inasukuma, bapa hazikaribiani vya kutosha, platini hazionani, basi kijani hakiji. Ukitaka kumshawishi mtu yeyote kwamba rangi inatokana na ujirani wa metali, mwonyeshe hizi mbili zikiwa pembeni kwa pembeni. Mimi sihitaji ushahidi mwingine.

Sababu yenyewe inaeleweka. Platini iliyo peke yake ina elektroni zilizojaza nafasi inayochomoza juu na chini ya bapa. Platini mbili zikikaribiana, nafasi hizo zinagusana, na elektroni za juu kabisa zinapandishwa ngazi. Zikishapanda, pengo lililobaki kati yao na nafasi tupu iliyo juu yao linakuwa dogo. Pengo dogo linaridhika na mwanga wenye nishati ndogo. Kwa hiyo myeyusho uliokuwa ukinyonya urujuanimno tu, ambao jicho halioni, unaanza kunyonya mwanga tunaouona. Rangi inazaliwa. Na mara nyingi siyo rangi tu, hata mng’ao!

Mng’ao huo ndio uliotupa eksirei. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Wilhelm Röntgen aliona skrini ya karatasi inang’aa gizani ilhali bomba lake la umeme lilikuwa limefunikwa. Skrini hiyo ilipakwa chumvi ya bari na platini yenye sianidi nne. Fuwele zake zimejengwa kwa bapa za platini zilizopangana juu kwa juu, platini na platini zikiwa na takriban angstromu 3.3 kati yao, na zikipigwa na mnururisho zinatoa mwanga wa manjano kijani. Sasa chukua chumvi hiyo hiyo, iyeyushe kwenye maji mengi. Unapata maji maangavu, hayana rangi, hayana mng’ao wa kuonekana! Ioni zimetawanyika, kila moja imezungukwa na maji yake. Skrini ya Röntgen ingekuwa imepakwa ioni zilizo mbalimbali, jioni ile asingeona chochote.

Kwenye fuwele, basi, kukaribiana ni jambo la lazima, maana hazina pa kwenda. Maajabu makubwa zaidi yako kwenye maji yenyewe, pale ioni zinapokuwa huru kuondoka lakini zinaamua kukusanyika. Na hapa naiacha platini kidogo, nakuja kwenye dhahabu.

Wenzetu wa Geita, Kahama na Chunya wanaijua ioni hii hata kama hawajawahi kuiita kwa jina. Ukimwaga maji ya sianidi kwenye marudio yaliyosagwa na karasha, na hewa ikapita, dhahabu inaacha kuwa chuma kigumu inaingia majini. Kila atomu ya dhahabu inashikwa na sianidi mbili, moja kila upande, kijiti kilichonyooka chenye chaji hasi moja. Njia hiyo ilipewa hataza mwaka 1887 na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, mjini Glasgow. Ndiyo inayoendesha migodi mikubwa na mitambo ya uchenjuaji kanda nzima ya ziwa. Baadaye kaboni, mara nyingi ya vifuu vya nazi, inainasa ioni hiyo, halafu elusheni inaitoa.

Kwenye tangi la mgodini dhahabu iliyoyeyuka ni miligramu chache tu kwa lita. Ioni ziko mbalimbali mno, zinapishana bila kukutana. Sasa zidisha. Tengeneza myeyusho wa chumvi hiyo safi, wa potasi, wenye sehemu tatu kwa kumi za moli kwa lita. Hapo una gramu 59 za dhahabu katika kila lita! Gramu 59 ndani ya maji ambayo ukiyatazama hayana hata dalili ya manjano. Na ndani ya myeyusho huo mzito, vijiti vinaanza kutafutana: viwili viwili, vitatu vitatu, na zaidi. Mwanga unaonyonywa unasogea, haulingani tena na kiasi ulichotia kama sheria ya kawaida inavyodai, na unatokea mng’ao ambao ioni ya peke yake haina. Howard Patterson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maine, Marekani, walitumia miaka mingi kwenye jambo hili hasa, na kazi yao iliyochapishwa mwaka 2000 kuhusu dhahabu na fedha zenye sianidi inasomeka mpaka leo kwa raha.

Subiri kidogo, tulia hapo. Ioni zote ni hasi! Hasi na hasi zinafukuzana, hilo tulifundishwa sekondari. Kwenye chumvi ya Magnus chanya na hasi zilivutana, sawa, hakuna ajabu. Hapa hasi inaifuata hasi. Inawezekanaje?

Jibu la kwanza ni maji. Maji hupunguza nguvu ya umeme kati ya chaji mbili takriban mara 80. Ugomvi wa chaji unapozwa, ioni za potasi zinapita katikati kusuluhisha, na kile kivutio kidogo kilichokuwa kimefunikwa na ugomvi kinapata nafasi. Sisi tumezoea kufikiri kwamba kazi ya maji ni kutenganisha, kuyeyusha, kutawanya. Hapa maji ndiyo yanayoruhusu mkutano. Vijiti hivyo viwili vikiwa patupu, bila maji, vingefukuzana moja kwa moja.

Jibu la pili ni zuri zaidi, na kila nikilisema nasisimka. Kivutio chenyewe kinatokana na Einstein! Kiini cha dhahabu kina protoni 79, kinavuta kwa nguvu sana, na elektroni za ndani kabisa zinakwenda kwa kasi ya karibu asilimia 58 ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo uzito wao unaongezeka kama nadharia ya uhusianifu inavyosema, njia zao zinakaza kuingia ndani, na mkazo huo unafika mpaka elektroni za nje. Matokeo yake nafasi za elektroni za tabaka la nje na zile za chini yake zinakaribiana kuliko kwenye fedha, na atomu mbili za dhahabu ambazo kwa hesabu za kawaida hazina sababu ya kupendana zinavutana kwa nguvu inayolingana na kiungo cha haidrojeni. Hubert Schmidbaur wa Munich ndiye aliyelipa jambo hilo jina na kuliimarisha kwa misombo mingi; Pekka Pyykkö wa Helsinki alilipigia hesabu. Uhusianifu huo huo ndio unaoipa pete ya dhahabu rangi yake ya manjano.

Sasa njoo uone kilele. Filamu! Mwaka 2015, jarida la Nature lilitoa kazi ya kundi la Hyotcherl Ihee wa KAIST, Korea Kusini, pamoja na Shin-ichi Adachi wa Japani na wenzao. Walichukua maji ya dhahabu hayo hayo wakayapeleka SACLA, leza ya eksirei ya Harima, Japani, mtambo wenye urefu wa mita kama 700. Myeyusho unachuruzika kama uzi mwembamba, leza ya kawaida inaupiga, halafu mpigo mfupi kupita kiasi wa eksirei unapita na kutawanyika. Unabadilisha muda kati ya mapigo mawili, unarudia tena na tena, na kutoka kwenye pete za eksirei zilizotawanyika unakokotoa umbali kati ya atomu na atomu.

Walichokiona ni hiki. Mwanzoni dhahabu tatu zimekaa pamoja kwa ulegevu, zimepinda, upande mmoja angstromu 3.3, mwingine 3.9. Mwanga unapiga. Ndani ya femtosekunde 500 mpindo unanyooka, umbali unashuka hadi karibu 2.8 pande zote mbili, na kivutio kile dhaifu kimegeuka kiungo halisi cha kemia. Dhahabu kwenye kipande chake cha kawaida, kwenye pete au mkufu, zinakaa angstromu 2.88. Majini, kwa muda huo mfupi, zimekaribiana kuliko kwenye metali yenyewe! Baada ya pikosekunde 1.6 (pikosekunde moja ni femtosekunde elfu, na nanosekunde ni pikosekunde elfu) zinabana tena kidogo. Baada ya nanosekunde kama tatu ioni ya nne iliyokuwa ikipita karibu inajiunga, na sasa ni nne.

Femtosekunde 500! Mwanga, ambao hakuna cha kuupita, kwa muda huo unasafiri milimita 0.15 tu. Upana wa unywele au unywele na nusu. Na ndani ya muda huo tumeona kiungo kinazaliwa ndani ya maji.

Na hapa ndipo kukusanyika kwa ioni kunapostahili sifa zake zote. Kwa miaka mingi watafiti waliweza kurekodi viungo vikikatika, kwa sababu kukata ni rahisi kupanga: molekuli iko pale, unaipiga na leza, inakatika, saa yako inaanza kuhesabu kwenye mpigo. Kuunganika kulikuwa na tatizo sugu. Wawili wanaotaka kuungana wako mbalimbali kwenye kimiminika, inabidi waogelee mpaka wakutane, kila jozi kwa wakati wake, na kuogelea huko kunachukua muda mrefu kupita kiasi ukilinganisha na tendo lenyewe. Huwezi kuwaanzisha wote kwa pamoja. Maji ya dhahabu yaliondoa tatizo hilo lote! Ioni zilikuwa zimeshakusanyika zenyewe, zimekaa jirani, hazijaungana bado, zinasubiri. Mpigo mmoja wa mwanga, na zote zinaanza kwa pamoja. Kundi lililoliona hilo na kulitumia kama mstari wa kuanzia mbio linanifanya nipige makofi peke yangu.

Mwaka 2020 kundi hilo la Ihee likarudi na picha kali zaidi, pia kwenye Nature. Kumbe viungo viwili haviji kwa pamoja. Ile jozi iliyokuwa karibu inaungana kwanza, ndani ya femtosekunde 60 za mwanzo, halafu wa tatu anavutwa, na mpaka femtosekunde 360 mstari umekamilika na kubaki ukitetema. Mitetemo yenyewe wameipima!

Niseme na kinachonikera kidogo, maana sifa bila ukweli hazifai. Kwanza, tunaita filamu, lakini hakuna aliyepiga picha ya atomu. Ni pete za mtawanyiko zilizogeuzwa kuwa umbali kwa hesabu, na hesabu inategemea makisio ya umbo. Ndiyo maana kuna ubishi, na ubishi wenyewe ni mtamu. Kundi la Tahei Tahara wa RIKEN, Japani, lilishafuatilia dhahabu tatu hizo hizo mwaka 2013 kwa mwanga wa kawaida badala ya eksirei, likasema kunyooka kunachukua pikosekunde 2.1, yaani mara nne ya muda waliouona wenzao baadaye. Ioni ya nne, kwao, inafika baada ya nanosekunde mbili. Kwenye mfuatano mkubwa wanakaribiana, kwenye tendo la katikati wanatofautiana. Binafsi naona ushahidi wa eksirei una nguvu kwenye umbali, kwa sababu unaugusa umbali wenyewe, na ule wa Tahara una nguvu kwenye mitetemo. Nawaombea wote wawili waendelee kubishana.

Pili, bei. Chumvi za platini na dhahabu si vitu vya kununua kwa posho ya mwanafunzi, na si vya kuchezea. Ile ya platini yenye klorini inaweza kumwachia mtu mzio mbaya wa kifua, ndiyo maana ya zile glovu na dirisha la kuvutia hewa. Sianidi haihitaji maelezo kwa mtu yeyote wa Geita.

Ila yanayokuja yananifanya nisahau bei. Vivian Yam wa Chuo Kikuu cha Hong Kong, aliyepata tuzo ya L’Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi mwaka 2011, alichapisha na wenzake mwaka 2002 habari za msombo wa platini ambao ukiuongezea kimiminika kisichoupenda, myeyusho unatoka manjano, unakuwa kijani, mwishoni buluu. Unamwaga, rangi inatembea! Hapo ilikuwa bado ni asetonitrili na etha, siyo maji. Lakini kundi hilo hilo likaja nayo majini. Ioni zao za platini ni chanya, nyuzi za asidi za urithi ni hasi. Weka uzi majini, ioni zinajipanga juu yake, platini inaikuta platini, na rangi mpya pamoja na mng’ao mwekundu vinatokea. Uzi ukikunjwa au ukibadilika umbo, ujirani wa platini unabadilika, na mwanga unakueleza. Hakuna kilichotiwa lebo wala kufungwa kwa kiungo cha kudumu. Ni ukaribu tu unaopima.

Ukipata nafasi ya kuingia maabara yenye chumvi hizi, usiombe uonyeshwe moja. Omba ya amonia na ya ethilamini kwa pamoja, kwenye bika mbili, tone kwa tone, karatasi nyeupe ikiwa nyuma yake. Simama upande wenye dirisha, kwa sababu kijani kile kinaanza kwenye ukingo wa tone, na kinaanza mapema kuliko unavyotegemea.